Mafunzo ya vijana kuhusu majadiliano ya tabianchi: uzoefu wangu Dar

Tangu nirudi kutoka kwenye mafunzo yale, wenzangu wanaotaka kuomba wananiuliza swali lilelile: yanafaa, au ni semina nyingine ya fulana na cheti? Yanafaa. Ila sehemu yake ya kwanza ungeweza kubaki nyumbani na usikose kitu, na kama unajaza fomu ukiamini utapelekwa COP, mkutano wa kila mwaka wa nchi za dunia kuhusu tabianchi, soma kwanza hadi chini.

Shirika lililoyaandaa silitaji, maana nina malalamiko yangu na sitaki yageuke kesi. Anayefuatilia mambo ya mazingira hapa Tanzania atalijua tangazo likitoka. Mafunzo ni bure, chakula na malazi juu yao, nauli unatanguliza mwenyewe kisha wanakurudishia. Tulitoka Tanga, Manyara, Kigoma, Mtwara, Unguja na Pemba, wote tukiwa na umri usiozidi ule wa YOUNGO, kundi rasmi la vijana katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi, yaani miaka 35.

Ufunguzi mnaujua. Mgeni rasmi alichelewa, picha ya pamoja ikapigwa kabla hatujajuana majina, na kila aliyeshika maikrofoni alitukumbusha kwamba vijana ni wadau muhimu. Zikafuata slaidi za gesijoto na kikomo cha joto la dunia kupanda nyuzi 1.5, mambo ambayo kwenye kozi ya utangulizi ya UN CC:Learn, mafunzo ya Umoja wa Mataifa ya mtandaoni, unayapata bure, kwenye simu yako, na cheti juu. Tukafundishwa pia namna ya kusimulia: simama hivi, mtazame msikilizaji, taja kijiji chako, tua kidogo, malizia na ombi. Silidharau somo hilo. Kundi la vijana likipewa nafasi kwenye kikao cha wote hupewa muda mfupi mno, na asiyejipanga atakatwa bado anatoa salamu. Lakini lilichukua muda mwingi kuliko lilivyostahili. Dada mmoja wa Pemba, mwalimu, aliniambia wakati wa chai kwamba kwao maji ya chumvi yanaingia kwenye mashamba ya mpunga, na kuyaeleza hayo kwa huzuni hakumshindi. Anataka kujua nani analipa.

Mambo yalibadilika alipoingia mwezeshaji mmoja mstaafu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa kwenye ujumbe wa taifa. Wote tulimwita Mama, na shikamoo zilimsindikiza hadi kwenye kiti. Hakuwa na slaidi hata moja. Aligawa karatasi za rasimu ya majadiliano, aya zimejaa mabano na chaguzi za kwanza, za pili na za tatu, akatuambia tusome kimya. Baada ya muda akauliza: "Nchi zimekubaliana nini hapo?" Watu wakanyoosha mikono na kutaja mazuri waliyoyaona. Akasikiliza wote, kisha akasema hakuna kilichokubaliwa, maana kila tulichotaja kiko ndani ya mabano.

Kutoka hapo nilianza kuelewa ninachoangalia. Mama alitueleza kwamba kanuni za uendeshaji wa mkataba huu hazijawahi kupitishwa rasmi, kwa sababu nchi zilishindwa kuafikiana kuhusu kanuni ya 42, inayohusu kupiga kura. Zinatumika kama rasimu hadi leo, kanuni hiyo ikiwekwa kando, na ndiyo maana kila kitu huamuliwa kwa maafikiano: nchi moja ikikaza, aya nzima inakwama. Akaongeza kanuni ya 16, ambayo inasema hoja isiyomalizika inahamia kwenye ajenda ya kikao kinachofuata. Ukijua hizo mbili utaacha kushangaa kwa nini jambo moja linazungumzwa miaka kumi. Utaelewa pia kwa nini Juni 2025 mjini Bonn, Ujerumani, vikao vya mkataba huu vilichelewa kuanza, nchi zikivutana tu kuhusu ajenda iweje.

Jambo jingine ambalo sikuwahi kufundishwa popote: Tanzania huketi kwenye meza zaidi ya moja. Iko G77 na China, umoja wa nchi zinazoendelea, iko Kundi la Afrika, na iko kundi la nchi zenye maendeleo duni, ambamo Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa zimo na Kenya haimo. Kwa hiyo mjumbe wetu ni nadra kusema kwa jina la Tanzania pekee. Kilio cha mkulima wa Pemba kinapita kwanza Kundi la Afrika, kisha G77 yenye nchi zaidi ya 130, ambako wauza mafuta na visiwa vinavyozama wako kambi moja. Kila kituo kinapunguza kitu. Bahati yetu, mwaka 2025 uenyekiti wa Kundi la Afrika ulikuja Tanzania, kwa Dkt. Richard Muyungi, na Mama alitusihi tusome kauli za kundi hilo kabla ya kuandika za kwetu. Kauli nyingi za vijana, alisema, zinarudia kwa jazba kile ambacho kundi limeshaandika vizuri zaidi, au zinakipinga bila kujua.

Kisha tukaigiza majadiliano. Kwangu hii ndiyo sehemu iliyolipa yote. Mada ilikuwa fedha. Nchi tajiri ziliahidi kwenye COP ya Copenhagen mwaka 2009 kuzifikishia nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, na kwa hesabu za OECD, shirika la nchi tajiri, zikafikia mwaka 2022. Kwenye COP ya Baku, mwaka 2024, likawekwa lengo jipya la angalau dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wakati Kundi la Afrika lilikuwa limedai dola trilioni 1.3 kwa mwaka. Mimi nilipangiwa Umoja wa Ulaya. Yule dada wa Pemba akapangiwa Japani. Mvuvi wa Kigoma, kaka mmoja mwenye sauti ya kuita boti iliyo katikati ya ziwa, akapewa Kundi la Afrika.

Alianza kwa kugonga meza na kudai trilioni 1.3. Mama akamwambia, "Mwanangu, usiniambie unataka nini. Niandikie sentensi." Yule kaka akaandika. Mimi, Ulaya, nikaomba maneno mawili yaingizwe yanayoonekana hayana madhara: fedha zitoke "vyanzo mbalimbali". Akakubali, akidhani anaongeza mifuko ya kuchotea. Ilipita kama nusu saa ndipo aliyepangiwa nchi za visiwa alipomnong'oneza kwamba sasa mikopo ya benki na mitaji ya kampuni binafsi itahesabiwa humo humo, na Ulaya inaweza kutimiza lengo bila kuongeza ruzuku. Akataka mabano yarudi. Nikamwambia aya imeshafungwa. Tulibishana hadi chakula cha usiku kikapoa, na ninakiri nilifurahia zaidi ya nilivyopaswa kuwanyima watu wa kwetu pesa. Mwishowe Mama akatangaza kanuni ya 16, hoja ikahamia kikao kijacho, tukaenda kulala. Hakukuwa na kikao kijacho.

Siku ya matembezi walitupeleka Barabara ya Barack Obama, kwenye ukuta wa bahari. Nimepita pale mara nyingi nikidhani ni kazi ya manispaa. Kumbe fedha zilitoka Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi, uliozaliwa na maamuzi ya COP ya Marrakech mwaka 2001, na ambao kwa miaka mingi ulilishwa na asilimia 2 ya hati za kaboni, zile zinazouzwa kwa kupunguza gesijoto, zilizotolewa chini ya Itifaki ya Kyoto. Yaani kuna watu walikaa usiku wakibishana kuhusu asilimia hiyo, kwa lugha kavu kama ile ya karatasi za Mama, na miaka baadaye mawe yakapangwa ufukweni Dar. Tuliegemea ukuta ule tukila mihogo, na nadhani hakuna slaidi ingeweza kutueleza hivyo.

Pale pale kijana wa Manyara akauliza lililokuwa kifuani mwake. Tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, Rais Samia akakatisha ziara yake Dubai kwenye COP28. Siku tatu tu kabla, tarehe 30 Novemba, mkutano ule ule ulikuwa umepitisha utaratibu wa kuuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zilizoumizwa na tabianchi, uliokubaliwa kwenye COP ya Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022. "Sasa Mama, Katesh ilipata nini?" Hakumpamba. Alimwambia mfuko wakati ule haukuwa na bodi iliyokutana wala fomu ya kuombea. Baadaye bodi ikaundwa, wajumbe 26, 14 kutoka nchi zinazoendelea, Benki ya Dunia ikahifadhi fedha kwa muda, na ahadi zote hazikufika hata dola bilioni moja, kwa dunia nzima. Akamweleza pia kwamba ombi linapaswa kueleza uhusiano wa maafa na tabianchi, na kwa Hanang kuna jiolojia ya mlima ndani yake, jambo ambalo halitakuwa rahisi mezani. Kijana hakupenda jibu. Ila alilipata jibu, na semina nyingi ningezihudhuria bure kwa ajili ya dakika kama zile.

Sasa kasoro. Nauli kwanza. "Unarejeshewa" ilimaanisha miezi, na kwa mtu aliyetoka Kigoma na kukopa kwa shangazi yake hiyo si habari ndogo. Wakipenda kupata vijana wa vijijini kweli, watume nauli kabla, la sivyo watabaki na sisi wenye mahali pa kukopa.

Pili, lugha. Vikao visivyo rasmi vya majadiliano huendeshwa kwa Kiingereza bila wakalimani, hivyo naelewa kwa nini karatasi zilikuwa za Kiingereza. Lakini maelezo yangeweza kuwa ya Kiswahili tangu mwanzo. Mama alieleza kwa Kiswahili na wote tukamfuata. Wawezeshaji wengine walitumia Kiingereza cha mradi na nusu ya chumba ikawa inatikisa kichwa kwa adabu.

Tatu ndiyo kubwa: beji ya kuingilia COP. Asasi inayoingia kama mtazamaji hupewa nafasi chache, na sisi tulikuwa wengi mno kuliko nafasi hizo. Hili halikuwemo kwenye tangazo. Waliochaguliwa walikuwa wale wenye pasipoti tayari. Ninaona lingesemwa mapema, watu wangejipanga kwa njia nyingine. Mtu anayetaka kuketi mezani kabisa, na siyo kutazama, anahitaji kuteuliwa na nchi yake, na kwetu mlango huo uko Ofisi ya Makamu wa Rais. Programu ya Youth Negotiators Academy, iliyoanza mwaka 2022, inafundisha vijana walioingizwa tayari kwenye ujumbe wa nchi zao, na huo ni mpangilio wenye akili zaidi: kiti kwanza, kisha mafunzo.

Kwa hiyo nyota tatu na nusu, na nne kamili nampa Mama peke yake. Anayeomba mwaka huu, chagua hoja moja ya ajenda kabla hujaja, kuhimili au fedha au hasara na uharibifu, usije na "tabianchi" yote kwapani. Wakati wa vikao soma Earth Negotiations Bulletin, jarida linaloripoti majadiliano, kila asubuhi, ni bure na inakwambia nani alikataa nini. Soma pia ahadi ya Tanzania ya mwaka 2021, ya kupunguza uzalishaji wa gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, kwa sababu utaulizwa na hutakuwa na pa kukimbilia.

Na kama unatafuta COP ya kulenga, ya 2026 iko Antalya, Uturuki, mbali na mfuko wa wengi wetu. Ya 2027 itafanyika Addis Ababa. Kundi letu la WhatsApp limeshaanza kupiga hesabu za basi kutoka Nairobi kupitia Moyale, na yule kaka wa Kigoma amepewa kazi ya kuandika barua ya kuomba beji, sentensi kwa sentensi.