Kozi ya pesa za hospitali kwa madaktari hapa Kampala, Jumamosi zangu mbili

Wenzangu mnaoniuliza kwenye WhatsApp kuhusu ile kozi ya uchumi wa afya na malipo ya bima pale Ntinda, naandika hapa mara moja ili nisijibu mmoja mmoja. Ni Jumamosi mbili, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, nililipa laki tatu na nusu, chai na chakula humo humo. Nendeni, jamani.

Mwalimu alikaa miaka mingi kwenye bima akikagua kleimu, yaani fomu ambazo hospitali hudai malipo kwa bima, kabla hajaanza kufundisha, na utamu wote uko hapo. Alianza na fomu moja ya kweli, jina la mgonjwa kalifunika, imepigwa kalamu nyekundu katikati. Daktari kampasua mtu kidole tumbo, kazi safi kabisa, lakini kwenye namba ya ugonjwa kaandika R10, yaani maumivu ya tumbo, badala ya K35 ambayo ndo kidole tumbo chenyewe kilichovimba. Bima ikakataa, wakasema ugonjwa na upasuaji haviendani, hospitali ikamgeukia mgonjwa. Nilinyamaza, maana mi mwenyewe nimejaza R10 saa nane za usiku sijui mara ngapi na sijawahi kufuatilia fomu zile ziliishia wapi na nani alilipa.

Halafu tukagawanywa watano watano tupige hesabu ya henia moja. Tukaandika nyuzi, glavu, neti ya kuzibia henia, dawa ya ganzi, tukaona tumemaliza. Akauliza, na dizeli ya jenereta umeme ukikatika? Nesi anayekaa na mgonjwa mpaka azinduke analipwa na nani? Na ile mashine ya kuchemshia vyombo inayochakaa kila mkiiwasha? Hesabu ikapanda karibu mara mbili. Miaka tisa natengeneza henia na sikujua inagharimu kiasi gani, mgonjwa akiniuliza musawo (daktari) itakuwa pesa ngapi namwelekeza kwa keshia, na huko ndo watu wanapigiwa bei wakiwa washavua nguo za nyumbani. Hilo limeniuma mpaka leo.

Kasoro ipo, tena kubwa. Asubuhi nzima ya Jumamosi ya pili iliisha kwenye Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, jinsi walivyoanza 1983 kuilipa hospitali bei moja kwa kundi la ugonjwa, halafu 1992 daktari akaanza kulipwa kwa pointi zinazopima kazi yake, gharama za kliniki na bima ya makosa ya kitabibu. Si kwamba haina faida, nilielewa vizuri kwamba ukilipwa kwa kila huduma unavutwa kuongeza vipimo, na ukilipwa bei moja unavutwa kumtoa mgonjwa mapema, na hiyo ni kweli popote pale. Lakini mambo yetu wenyewe ya Uganda, ada zilivyofutwa 2001 kwenye hospitali za serikali zikabaki wodi za kulipia, na ule muswada wa bima ya taifa Bunge liliopitisha 2021 ukaishia njiani bila kuwa sheria, yalipewa dakika ishirini za mwisho watu washabeba mabegi. Daktari wa wodi ya kulipia aliyekaa karibu nami aliuliza maswali matatu, akajibiwa moja. Naomba waandaaji mlirekebishe hili. Na noti mlizoahidi tupate kesho yake zilikuja baada ya wiki mbili.

Darasa lijalo ni watu ishirini na tano tu. Ukienda, beba fomu zenu mbili tatu zilizorudishwa na bima, ufunike majina ya wagonjwa, mwalimu anazipitia nawe wakati wa chai bila haraka. Mi nilikwenda na nne, tatu tumezijaza upya na moja ishalipwa, mama mwenye fomu hiyo karudishiwa pesa yake.