Miaka minne ya binti yangu kwenye shule ya wasichana Moshi: niliyoyaona

Binti yangu alimaliza kidato cha nne Novemba 2025 kwenye shule binafsi ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Moshi. Jina la shule naliacha, mbele utaelewa kwa nini. Amepata daraja la pili, pointi 18. Picha yake haimo kwenye bango la getini, maana bango ni la wenye daraja la kwanza peke yao. Bado nasema ufundishaji wa pale ni mzuri.

Mimi nilisoma Weruweru, sekondari ya wasichana hapohapo Moshi, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati Mama Kamm ndiye mkuu wa shule, kwa hiyo bweni la wasichana si geni kwangu. Nikifika siku ya wazazi naangalia vyoo, naangalia maabara ina vumbi kiasi gani, naangalia kama watoto wanamtazama mwalimu usoni wanapomjibu.

Mwanangu alitokea Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili. Pale ukivuka geti ni Kiingereza tu. Kulikuwa na kibao cha mbao: ukinaswa unaongea Kiswahili unakivaa shingoni mpaka umnase mwenzako. Basi mtoto aliyekuwa anabishana na makonda wa Hiace kuhusu chenji, akanyamaza. Darasani haulizi, bwenini haulizi. Likizo ya kwanza alirudi na daftari la Fizikia limejaa, mwandiko mzuri, na hakuna mstari aliokuwa anajua unasema nini. Kibao kile sitakisifia hata kidogo.

Aliyemfungua mdomo ni mwalimu wa Kemia. Aliwaweka wanne wanne, wabishane kwanza kwa Kiswahili mpaka waelewane, ndipo mmoja asimame aseme kwa Kiingereza, hata kikiwa cha kuokoteza. Anayecheka, swali linalofuata ni lake. Kufika kidato cha tatu mwanangu alikuwa anaongoza mdahalo.

Mwaka huohuo walitufungulia maabara siku ya wazazi. Kila msichana na bureti yake, si wanne kwa moja. Nikasimama nyuma ya wangu. Anaachia asidi tone kwa tone, mkono mwingine unazungusha chupa, kimiminika ndani ni cha njano. Likaingia tone moja, rangi ikageuka ya chungwa, akafunga koki palepale. Halafu akainama mpaka jicho likawa sawa na usawa wa maji, akasoma, akasoma tena. Mama mmoja pembeni akamwambia si uandike tu, mwanangu. Akajibu, "Shikamoo mama. Maji yamebonyea katikati, ukisoma kwa juu unajidanganya." Siku hizi nyumbani anapima hivyohivyo dawa ya kifua ya bibi yake, na bibi anauliza anapimiwa dawa au anapigwa picha.

Chakula ni makande, ugali maharage, wali Jumapili. Matroni ana akiba ya taulo za kike, sijasikia msichana akikosa kipindi kwa sababu hiyo. Ada yetu ilikuwa 3,200,000 kwa mwaka kwa awamu nne, ila michango haiishi, ulizia mapema. Na siku ya wazazi beba mwavuli, kivuli hakuna.

Sasa kinyongo changu. Januari 2024 matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yalitoka, na mwanangu alikuwa amefaulu kuendelea kidato cha tatu. Lakini shule ina wastani wake, 60. Kwa hesabu yao yeye alikuwa na 54. Nikapokea barua ya adabu sana: ama arudie darasa, ama nimtafutie shule "itakayomfaa". Wizara ilishazikataza shule binafsi kuchuja watoto kwa wastani wa kujitungia, na wote mle ofisini tulilijua hilo. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba. Mwalimu wa Kemia ndiye aliyeingia na daftari lake la mazoezi, akasema huyu simwachii. Wasichana wawili wa chumba chake hawakuwa na wa kuwasemea. Matranka yao yaliondoka wiki ileile.

Kwa hiyo ukitafuta shule, achana na bango. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, ila matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti yake. Fungua kidato cha pili cha mwaka mmoja, hesabu watahiniwa. Fungua kidato cha nne cha miaka miwili baadaye, hesabu tena. Kundi la mwanangu lilikuwa 74, wakamaliza 61. Wapo waliohama kwa ada au mzazi kuhamishwa kazi, sikatai. Lakini 13?

Mdogo wake yuko darasa la saba na anaitaka shule hiyohiyo. Nimemwandikia mkuu wa shule swali moja: huyu naye akipata 54, mtamfanyaje? Nimeletewa fomu ya kujiunga na orodha ya mahitaji, ndoo mbili, jembe, rimu ya karatasi. Jibu sijaletewa. Fomu iko kabatini, sijaijaza. Nasikia mwalimu wa Kemia bado yupo.