Ziara ya mtandaoni ya nyumba yetu ya wageni Bagamoyo: uzoefu wangu na Hugin na Pannellum

Mama mdogo ana nyumba ya wageni ya vyumba vinne Mji Mkongwe, Bagamoyo, hatua chache kutoka Ngome Kongwe. Ni nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe: kuta nene, mlango wa nakshi, ua katikati. Haipiti wiki bila mtu wa Dar kupiga simu, "Tutumie picha za vyumba." Tunatuma. Wakifika, wapo wanaolalamika kwamba kwenye picha chumba kilikuwa kikubwa, na haki yao, maana lenzi pana inazisukuma kuta mbali. Vyumba vya nyumba hizi vimekuwa vyembamba kwa ujenzi wenyewe. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki mita tatu hivi, kwa hiyo chumba kitarefuka mwenye nyumba apendavyo lakini upana ni uleule.

Ndipo nikaamua kutengeneza ziara ya mtandaoni: mgeni afungue linki, awe kama amesimama katikati ya chumba, atazame juu, chini na nyuma, kisha abofye mlango atokee uani. Imenichukua wiki tatu. Naandika kwa ajili ya wenye nyumba za wageni wenzangu, kwa sababu yaliyonichelewesha sikuwa nimeyasikia kwa mtu.

Mwanzo nilijaribu huduma moja ya kulipia kila mwezi. Ilikuwa rahisi kweli, lakini siku za majaribio zilipokwisha ziara ikafungwa, na malipo yenyewe ni ya dola, wageni wawepo wasiwepo. Sisi masika nyumba inakaa tupu. Nikaiacha, nikahamia kwenye programu mbili za bure: Hugin ya kuunganisha picha, na Pannellum ya kuzionyesha kwenye kivinjari. Hugin imejengwa juu ya kazi ya Helmut Dersch, Panorama Tools, na Pannellum imeandikwa na Matthew Petroff.

Panorama ya kawaida ya simu haitoshi, kwa sababu haina dari wala sakafu. Inayotakiwa inashika nyuzi 360 za mzunguko na nyuzi 180 kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, kwa hiyo ikitandazwa upana wake ni mara mbili kamili ya kimo. Niliazima kamera yenye lenzi ya jicho la samaki, yaani inayoona pana sana, ya milimita 8. Kwa kila chumba nilipiga picha sita za kuzunguka, moja ya dari na moja ya sakafu.

Chumba cha kwanza kilinivunja moyo. Hugin iliunganisha, nami nikafurahi, mpaka nilipoinua macho darini. Boriti ya tatu ilikuwa imekatika. Nusu yake ilitoka ukutani vizuri, nusu ya pili ikaanza chini kidogo, upana wa kidole. Nilirudia mara nne, na kila mara ilikatika kwingine.

Sababu yake unaweza kuiona sasa hivi. Nyosha kidole mbele ya uso, kitazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Kidole kinaruka ukutani. Kamera nayo, ikifungwa kwenye stendi ya kawaida, inazungukia kwenye skrubu yake ya chini, na lenzi inabaki mbele ikichora duara, kwa hiyo kila picha inapigwa kutoka mahali tofauti kidogo. Ufukweni, ambako jahazi liko mbali, hutagundua. Kwenye chumba cha mita mbili na nusu, nguzo ya kitanda ikiwa mkono mmoja kutoka kwako, utagundua.

Kilichoniokoa ni timazi, ule uzi wenye uzito ambao mafundi hupimia wima. Nilimwomba fundi wa kuchomelea pale Magomeni anitengenezee mkono wa chuma wenye umbo la herufi L, wenye matundu ya kuisogeza kamera nyuma na mbele. Nikafunga uzi wa timazi kwenye lenzi, nikaweka alama ya msalaba kwa chaki sakafuni, nikawa naisogeza kamera mpaka ncha ya timazi ikae juu ya msalaba hata nikiizungusha duara zima. Uhakika nikaupata dirishani: nondo ya dirisha na mnazi wa nje nilivipanga vifuatane, nikageuza kamera kushoto na kulia. Vikiachana, bado. Kwa lenzi yangu, sehemu inayopaswa kukaa palepale kamera ikizunguka ilikuwa karibu na kioo cha mbele. Picha ya sakafu niliipiga mwisho, stendi ikiwa imeondolewa, kamera mkononi na timazi ikining'inia juu ya chaki. Tangu siku ile boriti zote zimenyooka.

Tatizo la pili ni chokaa. Hugin inatafuta alama zinazofanana kati ya picha na picha, na ukuta mweupe mtupu hauna alama. Picha za upande wa kitandani zilikataa kushikana kabisa. Mama mdogo aliponiona nimekaa na kompyuta nimeinamisha kichwa, akasema, "Mwanangu, si utundike kanga?" Nikatundika. Maua na maandishi ya kanga yakaipa Hugin kila ilichohitaji, na kanga yenyewe tumeiacha ukutani mpaka leo.

Mwanga nao una kazi yake. Jua la uani ni kali na chumba ni giza, ukipiga mara moja dirisha linakuwa bonge jeupe. Nilipiga kila upande mara tatu, kwa mwanga mdogo, wa kati na mwingi, ambazo ni picha 24 kwa chumba, na Hugin ikazichanganya. Kompyuta yangu ni dhaifu, ilichukua karibu dakika 40 kwa kila chumba.

Pannellum yenyewe naipa alama za juu sana. Ikibanwa ina kama kilobaiti 21 tu, kwa hiyo bando la mgeni linaliwa na picha peke yake, na unaweza kuipanga isipakue chochote mpaka mgeni abofye. Picha zangu nimezishusha mpaka upana wa pikseli 4096, kwa sababu simu nyingi za zamani zinagoma kuonyesha kubwa zaidi ya hapo.

Lakini haina kitufe cha kuburuta na kuachia. Unaandika faili la maandishi: chumba hiki, picha hii, alama ya kubofya iko nyuzi kadhaa kulia na kadhaa juu. Ukisahau mkato mmoja, ziara yote haifunguki. Nyuzi hizo usizikisie. Washa hotSpotDebug, mpangilio wa Pannellum wa kukuonyesha nyuzi, bofya juu ya mlango, namba zinatokea kwenye dirisha la wasanidi la kivinjari. Na usishangae ukifungua faili moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta ikakataa. Vivinjari vinazuia, inabidi uwashe seva ndogo, yaani programu ya kuyatoa mafaili kama tovuti, na Python, lugha ya programu ya bure, inakupa kwa mstari mmoja. Hili lilinila siku nzima. Asiyetaka kuandika ajaribu Marzipano Tool, zana ya kwenye kivinjari: unaingiza picha, unapachika alama kwa kubofya, unapakua kila kitu kikiwa tayari.

Kuna jambo sikulitarajia. Picha za kawaida tulikuwa tunachagua kona. Hii haina kona ya kuficha. Chumba cha pili kilikuwa na doa la maji darini, kahawia, la ukubwa wa sinia. Mama mdogo aliuliza kama naweza kulifuta. Naweza, lakini nilimwambia, "Mama, mgeni atalala chali atalitazama usiku kucha." Alinyamaza. Kesho yake alimwita fundi, likaonekana paa linavuja. Palizibwa, na dari ikapigwa chokaa upya. Si saruji, maana saruji kwenye nyumba za mawe ya matumbawe hufungia unyevu ndani na kuta zinaoza. Nikakipiga chumba upya, picha zote 24.

Wiki iliyopita alipiga mama mmoja wa Morogoro, anakuja na mamake mzee. Hakuomba picha. Aliuliza, "Kile chumba chenye kanga ya bluu, kutoka pale mpaka choo cha uani, nimehesabu vidaraja viwili vya kupanda. Ni viwili tu?" Nikatoka uani nikiwa bado nimeshika simu, nikavihesabu. Ni viwili.