Boksi langu la Cat6 lililokuwa na alumini ndani

Boksi la kwanza la kebo ya mtandao nililonunua lilikuwa la mita 305, limeandikwa Cat6, yaani daraja la sita la kebo hizo, bei yake chini kuliko ya wenzake wote. Lilikuwa jepesi pia. Nikafurahi, maana nilikuwa nalipandisha ngazi mwenyewe. Kumbe wepesi ule ndio ulipaswa kunishtua.

Kompyuta hazikuleta shida. Shida ilitoka kwa kamera za ulinzi zinazopata umeme kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao. Ya karibu na swichi, kile kifaa kinachounganisha nyaya zote za mtandao, ilitulia. Ya mwisho wa jengo, kama mita 70, ilikuwa ikijizima kila usiku taa zake za kuonea gizani zinapowaka. Nikabadilisha kamera. Nikabadilisha swichi. Nikabana upya vichwa vya kebo. Mwisho nikakata kipande nikakikwangua kwa kisu: juu shaba, ndani weupe mtupu. Alumini iliyopakwa shaba! Alumini haipitishi umeme vizuri kama shaba, kwa hiyo volti hupungua njiani, kebo hupata joto, na waya hukatika upesi ukikunjwa. Viwango vya Cat6 vinataka shaba tupu, basi yale maandishi kwenye ganda yalikuwa uongo.

Mara ya pili nilichukua Cat6 ya shaba tupu, waya mzima usio wa nyuzinyuzi. Ule wa nyuzinyuzi ni wa kuchomekea mezani, si wa kupita ukutani. Ningeweza kutumia kila mahali Cat6A, daraja la juu yake linalobeba kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde hadi mita 100 kamili, lakini ni nene na mabomba yangu ni membamba. Niliiweka kati ya swichi na swichi tu. Cat6 hufikisha kasi hiyo kwa mita 55 hivi, na gigabiti 1 kwa mita zote 100, ambazo 90 ni za ukutani na 10 za nyaya za kuchomeka. Kwa gigabiti 1 hata Cat5e ya shaba, daraja la chini yake, ingenitosha, na ningeipendelea kuliko "Cat6" ile.

Kamera ya mwisho sasa inakesha. Kebo ya zamani niliitumia kama kamba ya kuvutia mpya ndani ya bomba, na hata kwa kazi hiyo ilinikatikia mara mbili.