Ushauri wa kazi kwa waliorukwa cheo: nyota nne

Nilijiunga na huduma hii baada ya nafasi niliyokuwa naikaimu kupewa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Mshauri hakunimwagia pole, na hilo nililipenda. Alinitaka niombe sababu kwa maandishi, kisha tukaifumua tathmini yangu mstari kwa mstari. "Mchapakazi, anategemewa, hana makuu." Sifa tamu, lakini hakuna hata sentensi moja inayotaja matokeo! Tukaiandika upya: nani aliunusuru ule mkataba, nani alifunga hesabu wenzake wakiwa likizo. Zile video za kutia moyo ni porojo tupu, ziruke. Nyota moja naikata kwa sababu wanasumbua mno ununue kifurushi kikubwa. Kidogo kinatosha kabisa.