Elisi ya 11 5/8 × 11 kwenye Yamaha 40 ya kubeba sambaza, Ziwa Kivu: uzoefu wangu

Elisi (propela) ninayoizungumzia ni ya aluminiamu, mapanga matatu, imeandikwa 11 5/8 × 11 – G. Iko kwenye Yamaha 40 ya stroku mbili, nyuma ya boti la mbao linalokusanya sambaza, samaki wadogo kama dagaa, kwa wavuvi na kuzishusha Goma. Kwa kazi hiyo naipendekeza bila kusita, na si kwa ajili ya mbio. Naipenda kwa sababu boti likijaa, motere bado inazunguka inavyotakiwa.

Namba ya kwanza ni upana kwa inchi. Ya pili ni hatua: inchi ambazo elisi ingesogea katika mzunguko mmoja, kama skrubu inayoingia kwenye ubao. Herufi ya mwisho inaonyesha familia ya shafti. Motere hii inataka G, yenye meno 13. Ukipewa herufi nyingine, rudisha hata kama upana ni sawa.

Motere hii, ukifungua gesi yote, inatakiwa ifike kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika. Kwa elisi ya hatua 13, boti likiwa limejaa, kipimo kilikuwa kinagota 4,300. Hapo motere inaungurama kwa sauti nzito, inakula esansi (petroli), inajaza masizi kwenye buji (plagi) na kuchemsha pistoni. Kwa hatua 11 inafika 4,700 na mzigo uleule. Kila inchi moja ya hatua unayopunguza inaongeza mizunguko 150 hadi 200, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu kabla ya kutoa pesa. Boti likiwa tupu inapanda hadi 5,200, na mwendo unapungua kidogo. Anayebeba abiria wachache kwenda kisiwa cha Idjwi ataona inampunguzia mwendo, na huyo abaki na 12 au 13.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawaliweki kwenye hesabu: ziwa letu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Motere isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo 40 yako hapa inasukuma kama 34. Elisi iliyochaguliwa kwa ajili ya pwani ya bahari haitufai. Hewa nyepesi pia inafanya mchanganyiko uwe na esansi nyingi mno. Mwambie fundi aangalie jikla za kabureta (vitundu vinavyopima esansi) kwanza, ndipo uilaumu elisi.

Usichague kwa kusikiliza sauti tu. Tafuta kipima mizunguko cha kuzungushia waya wa buji, jaza boti mzigo wa kawaida, fungua gesi yote kwenye maji matulivu, usome. Mizunguko ikiruka ghafla huku boti likipoteza nguvu, elisi inavuta hewa. Mara nyingi kosa ni mkuku mnene unaoishia mbele ya motere na kuchafua maji: uchongwe upungue taratibu kuelekea nyuma. Bamba lililo juu ya elisi liwe sawa na chini ya boti au sentimita 2 hivi chini yake.

Kuifunga: chomoa nyaya za buji, weka gia huru, weka kipande cha ubao kati ya panga na bamba ili isizunguke. Toa gupili (pini inayozuia nati), nati, rondela (kisahani cha chuma). Ile rondela nene ya ndani kabisa, yenye mteremko, ndiyo inayopokea msukumo wote. Ikisahaulika, elisi inasaga gia boksi. Paka meno ya shafti grisi isiyoyeyuka majini. Kaza nati, na tundu lisipolingana, kaza zaidi kidogo, usilegeze. Gupili iwe mpya.

Ndani ya elisi kuna mpira. Ukichoka, motere inapiga kelele na boti haliendi. Mimi huchora mstari mmoja wa rangi kutoka kitovu hadi kwenye mwili wa elisi: vipande vyake viwili vikiachana, mpira umeteleza, tafuta nyingine.

Elisi ya inoksi (chuma kisichoshika kutu) siitaki huku. Mawe ya lava kando ya Goma yanapinda aluminiamu, na panga lililopinda linanyooshwa. Inoksi inapeleka pigo lote kwenye gia. Adui mwingine ni nyuzi za nyavu. Zinajificha nyuma ya elisi, zinakata sili, maji yanaingia. Oili ya gia ikiwa nyeupe kama maziwa, ndiyo hiyo. Fungua elisi mara kwa mara uzitoe, na ile ya zamani ibaki ndani ya boti pamoja na nati, gupili na spana.