TAHADHARI: Jamaa wa vitini vya "mtihani wa mizigo hatari" Tanga ni tapeli

Wagosi, madereva wa matangi, mataniboi mnaosubiri kupewa usukani, na nyie wa kemikali: yule jamaa wa kofia ya bluu na begi la kompyuta msimpe hata mia. Mliokuwepo kijiweni Kange ile Jumamosi alipotuuzia vitini hamhitaji kusimuliwa. Wengine soma, maana habari zilizopo ni kwamba ameshahamia upande wa Muheza na anaulizia Korogwe.

Watu walivyoingizwa mjini ni hivi. Jamaa hakuja na maneno ya kitoto. Kaagiza kahawa na kashata meza nzima, kisha kamgeukia taniboi: "Dogo, kile kibao cha rangi ya chungwa kwenye tangi, namba ya juu ya hatari 33, ya chini ya mzigo 1203, gari limebeba nini?" Dogo akajibu petroli. "Na juu 30, chini 1202?" Dizeli. "Na 1223?" Dogo kimya. Jamaa akajibu mwenyewe: mafuta ya taa. Akaendelea, 3 mara mbili maana yake kimiminika kinachoshika moto upesi mno, na ukikuta X mbele ya namba ya juu, mzigo huo haupatani na maji. Yote sahihi, neno kwa neno. Wazee wanaopakia mafuta Raskazone miaka nenda rudi wakawa wanaitikia kwa vichwa. Sasa mtu wa namna hiyo utamdhaniaje tapeli?

Ndipo kikatoka kitambulisho kilichopigwa laminesheni, nembo juu, kidole gumba kimekaa palepale penye jina. Kikarudi mfukoni kabla mtu hajasoma mstari wa pili. Kikafuata kitini chenye kava la plastiki na pete pembeni, ndani vibandiko vyote vya hatari kwa rangi, daraja la 1 la vilipuzi mpaka la 9. Kitini Sh 60,000. Ukiongeza Sh 120,000 "unaingizwa kwenye mfumo" na cheti kinakuja kwa simu. Maswali 30, ukipata 24 umepita, na "hayahaya ndiyo yanayotoka". Akawa anataja namba ya kulipia tarakimu mojamoja. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Mmoja akauliza. Jibu: "Huyo mhasibu wetu." Watu wakabonyeza namba ya siri.

Msiwacheke. Mnajua wenyewe tajiri mwenye magari alivyosema, mwisho wa mwezi kila dereva awe na cheti. Mtu mwenye leseni ya daraja E, anayeogopa kushushwa kwenye gari, akiletewa jibu mezani na kahawa juu yake, atauliza nini?

Sasa hicho kitini chenyewe. Ni cha Wamarekani! Kimetafsiriwa vibaya na mashine halafu kikachapwa stesheneri. Maswali 30 na alama 24 ni mtihani wa huko, wa dereva anayetaka kuongezewa herufi H kwenye leseni yake ya lori. Ukifungua ndani unakuta mzigo wa paundi 1,001 ndio unaoanza kuwekewa mabango kwa baadhi ya madaraja, marufuku kuvuta sigara ndani ya futi 25, kagua matairi pacha kila saa mbili au maili 100, simama kati ya futi 15 na 50 kabla ya reli. Kwao ni sheria halali kabisa. Kuna swali zima la kupigwa alama za vidole kwa ajili ya usalama wa taifa la Marekani, na dereva wa Tanga ameambiwa alikariri! Mchoro wa karatasi za mzigo unaonyesha mfuko wa mlango wa dereva upande wa kushoto. Gari gani hapa lina usukani kushoto?

Hayo ya paundi na maili ungeweza kuyacheka ukaendelea na safari. Linalotisha ni ukurasa wa kupakia, ambao jamaa (au mashine yake) kauandika upya: "dizeli si hatari, inaweza kuingia chemba (chumba cha tangi) yoyote baada ya petroli bila tahadhari". Huyu anataka kuua watu. Chemba iliyoshusha petroli haiwi tupu, imejaa mvuke. Mvuke huo ukiwa mzito sana hauwaki, kwa sababu hewa ni kidogo. Petroli inawaka mvuke wake ukiwa takriban asilimia 1.4 mpaka 7.6 ya hewa. Unapomwaga dizeli juu yake, dizeli inaunyonya ule mvuke, hewa inaingia, na mchanganyiko unashuka taratibu mpaka kwenye kiwango hichohicho cha kuwaka. Wakati huohuo dizeli inayokimbia kwenye bomba na chujio inazalisha umeme tuli. Cheche moja tu. Ndiyo maana waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme tuli ardhini, unafungwa kabla mfuniko haujaguswa na unatolewa mwisho kabisa. Ndiyo maana unaanza polepole, kama mita 1 kwa sekunde, mpaka mdomo wa bomba uzame, bomba lenyewe likiwa limefika chini ya chemba, siyo kumwaga kutoka juu kama maji ya pipa. Na kijiti cha dipu, cha kupimia kina cha mafuta, hakitumbukizwi papo hapo mafuta yakisimama. Umeme unapewa muda wa kutulia kwanza. Neno ethi halimo kwenye kitini kizima. Halimo!

Wala hakuna mstari mmoja kuhusu tangi likianguka na watu wakaja na ndoo. Baada ya Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, watu zaidi ya 100 wamekufa, unamuuzia dereva wa Tanzania kitini kisichosema zima injini, weka vibao vya pembetatu, wasogeze watu upande upepo unakotoka, piga simu, usiruhusu mtu kukinga mafuta?

Aliyelipia "mfumo" alitumiwa picha ya cheti chenye jina lake limekosewa. Ofisini hakijulikani. Simu ya jamaa haipatikani tangu hapo.

Dalili zilikuwepo. Malipo ya serikali yanakuja na kontrol namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99, hayaendi kwa simu ya "mhasibu". Anayekuahidi kufaulu kabla hujakaa kwenye mtihani anakuuzia hewa. Na aliomba picha ya leseni na ya kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, hilo peke yake lingetosha kumfukuza kijiweni. Kuthibitisha dereva wa chombo cha biashara ni LATRA, kemikali ni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mafuta yako chini ya EWURA, na mafunzo nenda chuo cha VETA au NIT kwa miguu yako. Basi.

Lakini huyu mtu asiachwe! Kula hela za taniboi anayelala chini ya trela, halafu unampa na maelekezo ya kumlipua? Akionekana Segera, Hale, Horohoro, popote, msimpige, maana akiumizwa kesi inageuka yenu. Mshikeni, pigeni picha ya sura yake na ya begi, apelekwe polisi. Afungwe, arudishe kila shilingi, na kompyuta yake itaifishwe. Na huyo "mhasibu" naye asisahauliwe, laini ina jina na jina lina mwenyewe.

Mliotuma picha za NIDA, leo hii piga *106# muone kama kuna laini msiyoijua imesajiliwa kwa namba zenu, mkiikuta nendeni duka la kampuni husika ifutwe. Meseji zake zote zitumeni 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, pamoja na namba yake. Vitini msichane wala msichome kwa hasira, vinahitajika pamoja na ujumbe wa muamala. Jalada limeshafunguliwa polisi, RB (namba ya taarifa ya kesi) anayo mzee wetu wa parking ya Pongwe. Kila aliyelipa ampelekee vielelezo vyake, hata kama ulitoa ile 60,000 tu na unaona aibu.